Karatasi Safi ya Kihispania

Mama alikuwa amewasha moto kwa karatasi yangu.

Enzi hizo za Mwingereza, vijana wenzangu wa Buganguzi walihangaikia Kiingereza wapate ukarani. Mimi nilijifundisha Kihispania, kwa sababu tu padri mmoja wa Bukoba, aliyehudumu parokia yetu, aliniazima kitabu chake. Nilipokirudisha alisema: niletee Jumamosi jedwali la maneno ya "fulani" na "hakuna yeyote", bila kosa, nitakupa kitabu cha pili.

Jedwali hilo nilikuwa nimelinakili kwa miezi miwili, tangu kitabu kikiwa kwangu. Maneno yake mengi hubadilika kufuata nomino, kama katika Kihaya chetu. Nikikosea herufi moja, nilianza upya, na karatasi iliyoharibika nilimpa Mama ya kuwashia moto. Ijumaa asubuhi niliiweka ile safi juu ya fungu la zile zilizoharibika, wino ukauke, nikaenda kuchota maji.

"Mama, hii ilikuwa safi."

"Zote zilikuwa safi machoni pangu, mwanangu. Lini uliandika chafu?"

Nilikaa chini. Nilijaribu kukumbuka, kichwa kikawa kitupu. Naona aibu kuandika hili: dakika ile nilimchukia kwa kutojua kusoma.

Akaendelea kumenya ndizi.

"Alguno, alguna," akasema. "Algunos, algunas."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ninguno, ninguna. Nada. Nadie." Kisu hakikusimama.

Nikavuta karatasi nyingine. Miezi yote ile nilisoma kwa sauti nyuma ya mgongo wake, nikidhani nausomea ukuta.

"Unaandika au unanitazama? Ndizi zinaisha."

Niliandika. Hakuruka hata neno moja. Nilimvizia akosee, nikitamani akosee. Hakukosea.

Kesho yake padri alipitisha kidole kwenye kila mstari mpaka chini, kisha akaniuliza nani alinisaidia. Nilimjibu kwa neno nililolipata kinywani mwa Mama.

"Nadie, Padri. Hakuna mtu."

Akanipa kitabu. Njia nzima ya kurudi sikukifungua.

Mama alifuta mikono kwenye kanga kabla ya kukigusa. Akafunua kurasa mbili tatu, taratibu.

"Alishangaa?"

"Alishangaa."

"Basi kaa hapa," akasema, akivuta kapu la ndizi. "Na usisome kimoyomoyo."