Mama wa Fagio Aliyeyajua Majina ya Vitamini

Juzi nilipigiwa simu kutoka Kinampanda nikaambiwa yule mama aliyekuwa akifanya usafi kwenye kituo chetu cha afya amefariki, na wameshamzika. Tangazo la msiba lilimpa mstari mmoja tu: mstaafu, upande wa usafi. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, lakini nimeona nimwongezee mistari, maana angeshika usafi peke yake nisingekuwepo leo kumwandikia.

Mnaonisoma siku zote mnajua niliwahi kuchimba dhahabu. Mwenye duara letu, yaani shimo la kuchimbia, alitushusha kutoboa mwamba mkavu bila hata kitambaa cha pua. Tukimwomba maji ya kulowesha vumbi, anasema hayo ni ya ng'ombe wake. Tukatoka na kifua kikuu, mimi na mwenzangu tuliyekuwa tukishuka naye kamba moja. Tukaanzishiwa dawa za miezi sita. Mwezi wa pili nyayo zikaanza kuwaka kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto. Daktari mgeni aliyepita siku moja akatuandikia vitamini B sita, akasema dawa ya kifua ndiyo inayoimaliza mwilini. Kwenye dirisha la dawa tukajibiwa imeisha. Tukarudi, imeisha. Mwenzangu akaona vidonge vinamuua miguu, akaacha vyote kimyakimya. Nilijua, nikanyamaza. Tulimzika kabla uwele haujavunwa.

Mara ya tatu nilipojibiwa hivyo nilikaa kwenye benchi, nimeshaamua kuacha na mimi. Yule mama wa usafi alikuwa akideki.

"Inua miguu, baba."

"Shikamoo, mama. Siwezi, inawaka. Kuna mtu nyumbani ananichezea. Kesho simezi tena kidonge."

"Marahaba. Ninyi Wanyaturu, mguu ukiuma tu mmeshamjua mchawi! Umeandikiwa nini?"

Nikamwambia. Akaacha kucheka. Akaegemeza fagio ukutani, akaenda dirishani na mikono yake inachuruzika maji.

"Mwanangu, B sita ni lile kopo la rafu ya chini, lililoandikwa piridoksini."

Yule kijana wa dirishani, aliyehamishiwa pale kutoka kwenye mafaili, hakugeuka hata kutazama. "Mama, wewe ni wa fagio au wa dawa?"

"Wa fagio. Ndiyo maana nalijua. Nalipangusa vumbi kila Jumatatu, na kila Jumatatu halijafunguliwa."

Mganga mfawidhi alitoka ofisini kwa zile kelele, akalichukua kopo, akasoma. Alilifungua mwenyewe, na ule mlio wa kifuniko kinachofunguka mara ya kwanza nausikia mpaka leo.

Baadaye, miguu ilipopoa, nilimuuliza mama alisomea wapi. Alisema hakusomea popote. Makopo yalikuwa na majina asiyoyaelewa, na yeye hakuwa mtu wa kupangusa kitu asichokijua. Akamwomba nesi mmoja mzee, Mungu amrehemu, amweleze moja moja. Basi akawa anafagia na kuyataja kama mtu anayeita mbuzi zake: retinoli ya macho, thiamini ya moyo na miguu, riboflavini ya pembe za mdomo, niasini ya ngozi, kobalamini ya damu, kalsiferoli ya mifupa. Asidi askobiki aliniambia ni vitamini C tu iliyovaa suti. Tokoferoli alidai tunayo ya kutosha kwenye mafuta yetu ya alizeti, tuache ujinga wa kuuza yote tukabaki tunapikia maji. Kila jina alilishika kwa mgonjwa aliyemwona kwa macho yake, na nadhani ndiyo maana hakusahau hata moja.

Sasa niwaseme. Wa kwanza ni mwenye duara. Wa pili ni kijana wa dirishani, aliyeona afadhali kusema imeisha kuliko kusema sijui. Wa tatu ni mfawidhi, maana alimweka asiyejua kwenye dirisha la wagonjwa, na kesho yake akampiga marufuku mama kuingia stoo, eti ameiaibisha kazi. Akahamishiwa vyooni mpaka akastaafu. Kijana akapelekwa semina. Wa nne ni mimi, niliyemwona mwenzangu akificha vidonge nikaita kunyamaza kwangu heshima. Sote wanne tuko hai. Aliyekufa ni mwenzangu, na sasa mama.

Asiyejua na aulize, wazee walisema, ila hawakusema amuulize nani. Sisi tumezoea kuuliza koti jeupe peke yake. Basi nawaambia hivi: ukijibiwa dawa imeisha, usiondoke. Mwombe wa dirishani akusomee makopo yote, moja baada ya jingine, kwa sauti. Akikasirika, akasirike. Mwenzangu alijibiwa imeisha mara mbili, na mara zote mbili alisema asante.