Uji Uliobandika Picha ya Evelina

Merina Theodori Kasmiri, binti wa Theodori aliyefyeka pori la Katindiuka kwa shoka moja, mjukuu wa Kasmiri aliyevusha watu mto Kilombero kwa mtumbwi asizamishe hata mmoja. Yeye mwenyewe alizaa wawili, akawazika wote. Na mtaani kwetu Ifakara hakuna aliyewajua mende kama yeye.

Aliingia jikoni kwako, akachungulia nyuma ya mtungi, akasema, "Wapo." Alijua wanapenda ufa mwembamba unaowabana mgongo na tumbo, penye joto na unyevu. Jike hubeba mayai mkiani, kwenye kifuko kama punje ya maharage, kisha hukibandika pembeni mwa kabati. "Ukiua mama ukaacha kifuko, mdogo wangu, umefanya kazi bure."

Evelina, mwanawe wa mwisho, alifariki mwaka 1994, siku tatu baada ya kumzaa Omega. Ilibaki picha moja, ya siku ya Kipaimara. Mwaka 1997 ikaanza kujikunja, basi Merina akaibandika kwenye kadibodi kwa uji mzito wa mchele, kama sisi wote tulivyobandika madaftari. Akaifungia sandukuni, tukahamia shamba Mofu kulinda mpunga, yeye, Omega na mimi jirani yake. Nyumba ikakaa giza miezi sita.

Tuliporudi, alipofungua sanduku harufu ilitangulia. Mende wakatawanyika. Walifuata uji, wakala na karatasi. Gauni jeupe lilibaki, viatu vilibaki. Uso haukuwapo.

Omega akauliza, "Bibi, kichwa cha mama kiko wapi?"

Merina hakulia mbele ya mtoto. Nje ndipo aliponishika mkono. "Mimi niliyewakataza watu kulaza chungu cha uji bila kukiosha! Nimewapikia mwenyewe."

"Usijilaumu, dada."

"Nimlaumu nani, mende? Mende kala chakula."

Mwaka uliofuata kifua kilimlaza, akajua haamki. Akaniita.

"Wewe ulimaliza la nne, na Evelina ulimbeba mgongoni. Andika uso wake. Andika mwanya, andika kovu la juu ya jicho alipoangukia kinu. Usimpambe. Omega akijua kusoma, mpe."

Nikamwambia nitaibandika karatasi kwenye jalada gumu, isipotee.

"Usibandike," akasema. "Shona kwa uzi."