Mgeni Kutoka Miaka Elfu Ijayo

Mkata vitambaa wa karakana ile ya kushona alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa mdomoni. Kila wakati wa chakula cha mchana lazima aseme angekuwa nani kama angerushwa nyuma miaka elfu. Angekuwa mfalme. Siku akiamka mnyenyekevu, angekuwa mshauri mkuu wa mfalme, mwenye nyumba yake na watu wa kumchotea maji. Shule aliishia kidato cha pili, akaendelea na redio na video za simu. Kichwani mwake mlikuwa na vijidudu, umeme, mvuke na mzunguko wa dunia, vyote vimerundikana kama mabaki ya vitambaa chini ya meza yake.

"Watu wa kale walikuwa hawajui kitu," alikuwa akisema huku anatafuna. "Mimi na haya machache yangu, wangenibeba mabegani."

Basi wenzake wakamtungia mchezo, wakauita baraza. Fundi wa vifungo, mtu mwenye ulimi wa wembe, alipanda juu ya robota la vitambaa akawa mfalme wa kale. Mafundi wengine wakawa raia. Mkata vitambaa akaingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mgeni aliyetokea miaka elfu ijayo, na kazi yake ilikuwa kuwathibitishia kwamba ana faida kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo jina la Mgeni likamganda, hata mwenye karakana, mama mmoja mnene asiyecheka ovyo, akawa anamwita hivyo hivyo.

"Mgeni, umetuletea nini?"

"Nimewaletea taa isiyo na moto, mtukufu."

"Tuione."

"Ni kioo. Ndani yake kuna waya mwembamba."

"Kioo ndiyo nini?"

"Ni mchanga ulioyeyushwa."

"Mchanga huo hapo nje. Yeyusha."

"Unahitaji joto kali."

"Kali kiasi gani? Tuwashe kuni gani? Tupulize na nini?"

Raia wakapiga meza. Hukumu ilikuwa moja siku zote: akafagie mabaki ya karakana nzima mpaka jioni. Alishindwa kwa taa, akashindwa kwa baruti, akashindwa kwa sabuni anayoogea kila siku. Akashindwa kwa dira, na sindano zimemjaa kifuani kwenye shati. Nami simtetei. Mtu aliyekaa na sindano tangu ujana wake na hajui chuma chake kilichimbwa vipi, huko kale angekula nini? Sisi wengi tuko hivyo hivyo. Tunajua majina ya vitu, tukidhani tunavijua vitu.

Lakini siku moja alijibu vizuri. Alisema, "Haya, siwezi kutengeneza. Ila naweza kuwaonya. Kuonya hakutaki vifaa. Naweza kuwaambia maji haya msinywe, yachemsheni kwanza."

Fundi wa vifungo alijikuna kidevu kifalme. "Na sisi tukuamini kwa nini? Umekuja juzi, huna ukoo, huna ng'ombe, na taa yako hatujaiona mpaka leo."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Aliyecheka kuliko wote alikuwa binti wa Mgeni mwenyewe.

Binti huyo ndiye aliyekuwa amebaki katika nyumba yake. Mama mtu alifariki zamani, na baba na mwana walikaa vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Binti alipomaliza shule, Mgeni alimbembeleza mwenye karakana mpaka akamwingiza chumba cha pasi. Msichana alikuwa hodari, mikono myepesi, na alijifunza mapema kwamba mtoto wa kichekesho akiwahi kucheka, yeye hachekwi. Jioni walirudi pamoja, yeye akitangulia kidogo.

"Baba, kesho ule, unyamaze," alimwambia siku ya hukumu ya maji. "Ule tu, unyamaze."

"Kwani nilisema uongo?"

"Hata ukisema kweli. Nani anakusikiliza?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko kicheko chote cha karakana. Tangu hapo Mgeni hakutaka tena ufalme wa kale. Alitaka kitu kimoja tu: siku moja, binti yake akiwa anatazama, aseme jambo na watu watii. Mzazi huzeeka na haja ndogo namna hiyo.

Siku yenyewe ilikuja na oda ya hoteli mpya, mashuka na vitambaa vya meza, vyote vyeupe pe. Karakana ile ilikuwa na desturi yake ya siku nyeupe. Jirani yao alikuwa na mashine ya kupasulia mbao, na unga wa mbao ulikuwa ukiingia kila upenyo na kunata kwenye kitambaa kibichi. Kwa hiyo siku nyeupe madirisha ya chumba cha pasi yalibandikwa utepe wa gundi pembeni kote, matambara yakasokomezwa chini ya mlango, na waliomo ndani hawakutoka mpaka kazi iishe. Walifanya hivyo miaka yote kwa pasi za umeme na hakuna aliyewahi kupata hata mafua. Pasi za mkaa nazo walizitumia siku umeme ukikatika, lakini kwa nguo za rangi, madirisha wazi. Viwili hivyo havikuwahi kukutana.

Siku hiyo vilikutana. Umeme ulikatika asubuhi, hoteli ikapiga simu kwamba lori linakuja alasiri, na mashine ya mbao, ambayo ilikula dizeli, ikaendelea kunguruma. Mwenye karakana akatoa amri. Pasi za mkaa zikatolewa stoo. Majiko mawili yakawashwa uani, yakaingizwa chumba cha pasi yakiwa mekundu, ili wasichana wawili wa mle wasipate sababu ya kufungua mlango kufuata makaa.

Mgeni aliona majiko yakipita mbele ya meza yake. Akaweka mkasi chini.

"Mama," alimwambia mwenye karakana, "mkaa na chumba kilichofungwa haviendi pamoja. Kuna hewa inatoka kwenye mkaa. Inaua."

Mwenye karakana alikuwa na simu sikioni, hoteli upande wa pili. Alimpungia mkono akae. Ilikuwa saa ya chakula, na fundi wa vifungo alikuwa ameshasikia. Akapanda robota.

"Raia, Mgeni ameleta hewa."

Meza zikapigwa.

"Tuione, Mgeni."

"Haionekani. Jamani, leo sichezi."

"Tuinuse, basi."

"Haina harufu."

"Haionekani, hainuki. Hata uchawi una dalili. Umemjua mtu aliyekufa nayo?"

"Nilisikia redioni."

Hapo hata mafundi wakimya waliinamia sahani zao kwa kicheko. Mmoja alisema bibi yake alipikia mkaa maisha yake yote na bado anatukana watoto mpaka leo. Mgeni alisema jikoni kwa bibi mlango ulikuwa wazi. Alisema vizuri, alisema kweli, na bado sauti yake ilikuwa ile ile ya taa na baruti, kwa sababu hakuwa na nyingine. Kisha akafanya kosa lililomaliza kila kitu. Walipokuwa wakicheka, naye akatabasamu. Mazoea yana taabu. Uso ulitii wenyewe kabla moyo haujaukataza. Wakajua anacheza kama kawaida, na mfalme akatoa hukumu, na mkono wa Mgeni ukaenda kuchukua ufagio.

Alifagia kidogo. Halafu ufagio ukamponyoka akaenda kugonga mlango wa chumba cha pasi.

"Mwanangu, unajisikiaje humo?"

"Kichwa kinagonga kidogo. Ni joto tu, baba. Niache nimalize."

Alichukua mkasi wake mkubwa, akaenda dirishani kwa nje, akaugeuza na kuvunja kioo kwa mpini. Upepo ulikuwa unatoka kwa jirani. Unga wa mbao ukaingia kama umealikwa na kutua juu ya mashuka matatu yaliyokuwa yametandazwa.

Mwenye karakana hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Toka. Usirudi." Mafundi walikuwa wamejipanga uani kutazama, na safari hii hawakucheka, maana kazi ya wote ilikuwa kwenye mashuka hayo. Binti yake alitokeza uso kwenye tundu la dirisha. Macho yalikuwa mekundu, na Mgeni hakujua kama ni hewa ile au aibu.

"Mama, nakuomba msamaha kwa niaba ya baba," alisema msichana. "Mwenzangu atoke akakunje yaliyokwisha. Haya nitayakung'uta na kuyapiga pasi mwenyewe."

Akachukua kipande cha boksi na utepe wa gundi, akaziba tundu kwa mikono yake, pembe hadi pembe, kazi safi kama zilivyo kazi zake zote. Kabla hajabandika pembe ya mwisho alimtazama baba yake.

"Nenda nyumbani, baba. Leo umeniaibisha, inatosha."

Mlinzi alimtoa Mgeni getini kwa kumshika kiwiko, bila ubaya. Mgeni naye akamshika. "Kaka, nenda kafungue ule mlango. Nakuomba kwa jina la mama yako." Mlinzi alimtuliza kwa kumpigapiga begani, akamwambia yatapita, mwenye karakana hasira zake ni za siku mbili, na binti yake ni mtoto mwenye adabu, ashukuru Mungu. Mgeni alizunguka ukuta kutafuta pa kupandia. Juu kulikuwa na vigae vya chupa. Akapanda hivyo hivyo, akakatika viganja, akaangukia upande ule ule wa nje. Watu waliopita walimpisha kama wanavyompisha mlevi.

Lori la hoteli lilipofika, mwenye karakana aligonga chumba cha pasi. Akagonga tena. Fundi wa vifungo ndiye aliyevunja mlango. Mashuka yalikuwa yamekunjwa na kupangwa hadi kiunoni, meupe kama yalivyotakiwa, na pasi ilikuwa imekaa juu ya la mwisho, imelichoma tundu jeusi. Mwenye karakana aliliona shuka lililoungua kabla hajamwona msichana sakafuni.

Hospitali walimpokea akiwa ameshakata roho. Daktari alikuwa kijana mpole, na hilo ndilo nisiloweza kumsamehe, kwa sababu ukali ungekuwa nafuu. Aliwakalisha kwenye benchi: mwenye karakana, fundi wa vifungo, na Mgeni mwenye viganja vilivyofungwa matambara.

"Hatukujua, daktari," alisema mwenye karakana akilia. "Wallahi hakuna aliyetuambia."

Fundi wa vifungo aliangalia viatu vyake.

Daktari alimgeukia baba, akapunguza kasi ya maneno kama anayemsemesha mtoto. "Mzee, nisikilize vizuri. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa, inatoka hewa fulani. Huwezi kuiona. Haina harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anadhani ni joto, halafu analala. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

"Mngejua mapema, ilikuwa ni kufungua dirisha tu."

"Ndiyo."

Mwenye karakana alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno na kusema kumbe, kumbe. Aliahidi hapo hapo kwamba kuanzia kesho hakuna dirisha litakalofungwa, na kwamba atawaambia wenye karakana wenzake wote. Daktari akampongeza.

"Daktari," alisema Mgeni, "wewe ungepita pale leo mchana ukawaambia hivyo, wangefungua?"

Kijana alimshangaa kidogo. "Wangefungua, mzee. Kwa nini wasifungue?"

Mgeni akaitikia kwa kichwa. Akaomba aonyeshwe alipolazwa binti yake, akaenda akakaa karibu naye.