Koti la Baba Kanisani

Kila ninapofungua balo la vitenge dukani, ile harufu ya wanga na rangi mpya inanirudisha kanisani kwetu, mtaa wa Jabe, na uso unaniwaka kwa haya. Duka hili sikuachiwa na mtu, ndugu zangu. Shule niliishia darasa la nne, lakini uliza sokoni mwenye mali ni nani.

Wakati wa vita tulikimbia kutoka mtaa wa Mutakura hadi Jabe, mama na mimi, na nguo za mwilini tu. Baba alikuwa ameuawa wiki ileile. Mama alitoka amevaa koti zito la kahawia la baba, na hakulivua tena, na joto la Bujumbura mnalijua. Hakulia. Chakula alikionja tu, akanisogezea sahani. Bibi yangu alikuwa akisema kilio kisichotoka hula nyumba kwa ndani, kama mchwa. Niliogopa kwamba na yeye ataniacha.

Jumapili moja wanawake wa kanisa walishona sare za kitenge kimoja, wakapendeza kama maua. Katikati yao mama, na koti la mwanamume. Ukafika wakati wa ushuhuda. Kwetu anayesimama hueleza mema aliyotendewa na Mungu, watu wakajibu Amina. Malalamiko pale ni kuingiza jeneza harusini.

Mama akasimama.

“Bwana asifiwe. Mi sina ushuhuda. Niko na swali. Mungu, siku ile ulikuwa wapi?”

Amina haikutoka. Kijana wa ngoma akaficha kicheko. Nilitamani sakafu inimeze.

“Mama, ukae kwanza,” mchungaji akasema. “Tutaombea ile mambo.”

Mama Debora, mjane aliyeongoza wanawake, hakumngoja amalize. “Pasta, umuache. Ile swali hata mi niko nayo. Sema nilikuwa naogopa weye.”

Akatoka mstarini, akaketi chini kwenye saruji, vile tunavyokaa kwenye matanga, akamvuta mama. Wenzake wakafuata, vitenge vipya vikizoa vumbi. Hakuna aliyehubiri wala kuimba. Mmoja alimshika mama mguu tu. Ndipo mama akalia, kwa sauti ambayo sikujua anayo, nami nikageukia ukuta kama mtoto wa watu wengine.

Njiani nilimuuliza kwa hasira, “Sasa Mungu amekujibu?”

“Apana, mwanangu. Amekaa na mimi.”

Jioni ile alikula ugali, akaongeza. Mimi nilidhani majonzi yamemvuruga akili. Waliokaa ni kina Mama Debora, niliwaona kwa macho yangu.

Miaka mingi baadaye nilimzika binti yangu. Wanawake wa kanisa wakaja na mikeka kichwani. Mimi, tajiri, nikawakodishia viti, nikawaagizia fanta, nikasimama getini nikisema niko sawa, Mungu ni mwema. Mke wangu alikuwa ndani, peke yake. Wakanywa, wakashukuru, wakaondoka na mikeka yao haijakunjuliwa. Nilipofunga geti ndipo nikajua ni nani aliyekuja kukaa nasi, nikamrudisha.