Mafuta ya Kovu na Ng'ombe wa Baba

Kazi yangu ni kukataa maua. Ninasimama mbele ya meza ndefu katika ukumbi baridi wa shamba moja la maua kule Naivasha, mawaridi yanapita mbele yangu, na lile lenye mchubuko kwenye petali nalitupa pembeni bila huruma. Nimeifanya kazi hii muda mrefu hata siwezi tena kutazama kitu bila kutafuta kasoro yake. Sufuria dukani, mchumba wa rafiki, mahubiri ya Jumapili, vyote navikagua. Kwa hiyo mtu asinishangae nilivyohangaika siku kasoro ilipohamia kwenye shavu langu mwenyewe.

Zamani shavu la kushoto lilikuwa na kidoa cheusi kilichoinuka kidogo, mfano wa punje ya pilipili manga. Shangazi zangu walisema nilizaliwa nacho, na kwamba nilikirithi kwa nyanya yangu aliyemzaa baba. Kwetu, upande wa Keringet, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa sababu hiyo baba hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. Niliitwa Maitu nikiwa na kamasi puani, na nikaitwa Maitu siku niliyochapwa kwa kumwaga maziwa ya asubuhi yote. Sijui binti mwingine aliyepigwa fimbo huku mpigaji akimwomba mama yake msamaha.

Basi kidoa kile kikaanza kubadilika. Kamba ya barakoa ya kazini ilikuwa ikikikwaruza, kikatoa damu, kikapona, kikatoa tena. Tabibu wa kliniki alikitazama kwa tochi, akasema hakipendi, kikatwe na kipelekwe maabara. Kilikatwa Nakuru, nikashonwa nyuzi chache, nikangoja majibu nikiwa sina hamu hata ya chai. Majibu yakaja mazuri, hakikuwa na ugonjwa wowote mbaya. Nilipiga simu nyumbani nikamwambia mama. Mama akasema Bwana asifiwe, kisha akaanza kunieleza jinsi baridi ilivyochoma viazi.

Mwanzoni kovu lilikuwa mstari mwembamba tu, nikajipongeza. Baada ya miezi michache likaanza kuinuka. Likawa gumu, linang'aa, linawasha, limevimba kama haragwe lililolowekwa. Ningelikuwa ua ningejitupa pembeni.

Nilipokwenda nyumbani mara ya kwanza nikiwa nalo, baba alinipokea langoni. Alitazama shavu langu, akatazama chini, halafu akanikaribisha kwa jina la ubatizo, lile lililo kwenye kitambulisho. Nilihisi kama nimeitwa na polisi. Nilidhani umri umeanza kumchezea, lakini jioni akaniita hivyo tena, na asubuhi yake tena. Neno Maitu lilikuwa limekwisha mdomoni mwake.

Iliniuma, na sitajifanya haikuniuma. Nikajiambia, ni kovu hili. Kila akiliona anakumbuka kwamba alama ya mama yake niliikata nikaitupa kwenye ndoo ya hospitali. Kovu likiisha atasahau, na mimi nitakuwa Maitu tena. Nilirudi Karagita, mtaa ninakoishi kule Naivasha, na azimio moja tu, kovu lazima liondoke.

Ukitaka kujua idadi ya madaktari walioko Karagita, vimba shavu. Ploti yetu ni vyumba vilivyopangana kwa mstari na bomba moja la maji, na pale bombani kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema parachichi. Mwingine akasema dawa ya meno, ya rangi nyeupe, isiwe ya bluu. Mwenye nyumba akaniapia kwamba ndimu haijawahi kushindwa na kovu, nami nikampa ndimu nafasi. Ilichoma mpaka nikaimba wimbo wa kanisani.

Daktari wa ngozi niliyemwona Nakuru, msichana mdogo kuliko mimi, alisikia habari za ndimu akafunga macho.

"Ndimu inachoma ngozi," alisema. "Halafu ukipigwa na jua, hapo panakuwa peusi zaidi. Tafadhali, ndimu uweke kwa samaki."

"Basi nipe kitu cha kulifuta kovu hili."

"Sitakudanganya. Hakuna kitu inaweza kufuta scar kabisa. Tunaweza kuifanya ilale, iwache kukuwasha, na rangi ikaribie ya ngozi yako. Lakini inataka time."

Nilimuuliza habari za leza. Alisema ipo, lakini kwa ngozi nyeusi kama yetu inataka mkono wa mtu anayeijua vizuri, kwa sababu inaweza kuacha doa jeupe au jeusi kuliko kovu lenyewe. Nikamuuliza kwa nini asilikate tu tena. Akasema kovu la aina yangu huwa na kiburi, ukilikata linaweza kurudi likiwa kubwa zaidi. Basi tukaanza na zile njia za polepole: mafuta mazito ya silikoni ya kupaka na kusugua taratibu kwa kidole, kiraka laini cha silikoni cha kubandika ninapolala, mafuta ya kukinga jua kila asubuhi hata kukiwa na mawingu, na sindano ndogo ndani ya kovu kila mwezi ili lilainike na kushuka.

"Mvumilivu hula mbivu," alinitania akinisindikiza mlangoni.

"Mbivu huoza pia, daktari," nikamjibu.

Ile sindano inauma, na anayesema haiumi hajawahi kudungwa shavuni. Lakini nilikwenda kila mwezi bila kukosa. Mafuta ya jua nayo yalinipa mtihani wa aina yake, kwa sababu hubakiza weupe fulani usoni, na haikuchukua muda bombani wakaanza kunong'ona kwamba najichubua. Niliwaambia siku nikitaka kuchubua mtu nitaanza na wao. Hapo habari ikaisha.

Kovu likaanza kutii. Kwanza liliacha kuwasha, kisha likalainika, kisha likashuka kidogo. Kila nikipata likizo nilikwenda nyumbani kumwonyesha baba, bila kusema kwamba namwonyesha. Nilikaa naye upande wa dirishani, shavu la kushoto kwenye mwanga. Yeye alizidi kunyamaza.

"Umerudi hospitali tena?" aliniuliza siku moja.

"Nimerudi. Nimedungwa sindano nyingine," nilisema kwa fahari, ili ajue najitahidi. "Na mwezi ujao narudi."

Aliweka kikombe chini, akatoka kwenda kurekebisha ua ambao haukuwa na kasoro yoyote. Mimi nikabaki na chai yangu, nimekasirika. Nilijiambia mzee huyu ana kinyongo cha ajabu, mtu anadungwa sindano usoni kwa ajili yake na yeye anakwenda kuhesabu fito.

Sasa nifike kwenye ng'ombe. Kwetu, dirisha la jikoni ndilo kabati la mafuta ya kukamulia. Na mafuta hayo hayana mipaka. Yanapakwa chuchu za ng'ombe, mikono ya mkamuaji, midomo iliyopasuka kwa baridi na mashavu ya watoto wanaokwenda shule. Anayeyataka ananyoosha mkono bila kutazama. Nami niliyekulia nyumba hiyo, Ijumaa moja nikafika jioni, nikapaka mafuta yangu ya silikoni, nikaliweka bomba lake dogo la kuminya hapohapo dirishani.

Jumapili asubuhi nikalikosa. Siku iliyotangulia nilikuwa nimelala na kiraka tu kwa uchovu, sikulitafuta.

"Uliza baba yako," mama alisema akipuliza moto. "Mafuta ya hapo ni yeye huchukua."

Nilimkuta zizini ameinama chini ya ng'ombe wetu mwekundu, aliyekuwa amekwaruzwa chuchu na seng'enge wiki hiyo. Alikuwa anaipaka chuchu hiyo taratibu kwa kidole kimoja, anazungusha, kama vile daktari alivyonifundisha mimi. Bomba langu lilikuwa juu ya jiwe, limeminywa likawa bapa.

"Hii mafuta mpya ni kali," alisema bila kugeuka. "Ona vile ametulia. Jana hakupiga teke hata moja."

"Baba! Hiyo si ya ng'ombe! Hiyo ni dawa yangu!"

Aliruka kama aliyeshika kaa la moto. Akalitazama bomba, akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika kabisa. Nilitarajia acheke. Badala yake alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nimemalizia mtoto dawa," alisema. "Sasa utafanya nini? Hiyo ugonjwa itangoja?"

"Ugonjwa gani?"

"Usinifiche. Mimi si mtoto. Mtu kidonda yake imepona, ameenda hospitali kila mwezi kudungwa sindano ya nini? Mama yangu alianza hivyohivyo, akakatwa, pakavimba. Leo sindano, mwezi ujao sindano, na kila mtu ananiambia ni kawaida. Mimi ndiye nilikuwa namsindikiza. Mpaka mwezi moja nikarudi peke yangu."

Nilisimama pale na gumboti zangu kwenye samadi. Miezi yote hiyo nilikuwa namletea shavu langu dirishani ili afurahi, na kila nilipolileta nilikuwa namtia hofu upya.

"Baba, sina ugonjwa. Majibu yalitoka zamani. Sindano ni za kulaza kovu. Hizi zote ni za kovu."

"Kovu tu?"

"Kovu tu."

"Yaani nimekosa usingizi kwa sababu ya urembo?"

Hapo ng'ombe akageuka kutuangalia, na mimi nikacheka mpaka nikashika nguzo. Baba alikasirika sana, hasira ile ya mtu aliyepata nafuu. Alilaumu hospitali, akalaumu Naivasha, akamlaumu mama kwa kupokea simu nusunusu na kurukia viazi. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia langu, kwamba nilitaka kovu liishe kwa sababu aliacha kuniita Maitu, na kwamba nilijua ananilaumu kwa kukata kidoa cha nyanya.

"Kidoa?" Alinitazama kama nimesema kuhusu mtu mwingine. "Cha mama kilikuwa kwa kidevu. Na wewe nilikuita Maitu ukiwa umefungwa blanketi, uso safi kama yai. Hicho kidoa kilikuja ukiwa nasari. Hao shangazi zako wanaongea tu."

"Sasa mbona uliacha?"

Alifuta mikono kwenye koti, akanyoosha lile bomba bapa kana kwamba lingejaa tena.

"Mwisho mwisho nilikuwa nakaa kando ya kitanda cha mama nikimwita Maitu, na haitiki," alisema. "Nikaona kwako nisilitumie hilo neno. Niliogopa nitaita, na wewe usiitike."

Macho yangu yalijaa, nikainama nikachukua ndoo ya maziwa ili niwe na la kufanya. Gari la maziwa lilikuwa linapiga honi barabarani, na maziwa hayangoji watu wamalize kulia.

Siku hizi sindano nimeacha, daktari alisema zimetosha. Kovu limelala. Lipo, ukilitafuta utalipata, mstari wa kahawia karibu na rangi yangu, na mafuta ya jua bado napaka. Kazini naendelea kukataa maua kama kawaida, lakini mashavu ya watu nimeacha kuyakagua.

Ila mchana ule wa Jumapili sikujua kama mambo yamekwisha. Baba alikula chakula, akarudi kwa ng'ombe wake, wala hakuniita kwa jina lolote. Nilifunga mkoba, nikamkumbatia mama, nikatembea hadi langoni ambako boda boda ilikuwa inaningoja. Nilikuwa nimeshapanda ndipo nikasikia sauti yake kutoka zizini, kubwa, ya kusikika mpaka kwa majirani.

"Maitu! Maitu! Umesahau mafuta ya ng'ombe!"

Nikaitika.