Sangara wa Harusi Yetu

Enzi za ruksa, serikali iliporuhusu biashara huria na viwanda vya samaki vikafunguliwa kando ya ziwa, nilipata kazi ya kukata minofu ya sangara. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Sisi wa Mwanza tulinunua mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, tukakaanga, maisha yakaenda. Mchumba wangu alikuwa dereva wa gari la barafu kiwandani hapohapo, na harusi yetu ilikuwa imekaribia.

Asubuhi moja msimamizi alitukusanya getini.

"Ulaya wamezuia samaki wa ziwa letu," alisema. "Wanadai si salama. Nendeni nyumbani, mtaitwa."

Mimi na mchumba wangu tulirudi nyumbani kwetu Pasiansi kwa miguu. Tulimkuta mama uani akipepeta mchele. Nikamwambia itabidi tuahirishe harusi. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Waliokataa ni Wazungu," alisema, "na wamekataa samaki. Harusi iko palepale."

Akajifunga kanga, akaenda mwaloni, ufukoni wanakoshushia samaki, kwa mjomba, kaka yake, ambaye alikuwa mvuvi. Alimkuta amekaa juu ya nyavu, amekata tamaa. Magari ya viwanda hayakuja tena, na sangara wakubwa walikuwa wanaoza mchangani.

"Chukua unaowataka, dada," mjomba alimwambia. "Afadhali waliwe na ndugu."

Siku ya harusi sangara waliingia uani wamening'inizwa kwenye miti, vijana wamebeba mabegani. Bibi harusi nilitakiwa nikae ndani, lakini nilipochungulia dirishani nikaona shangazi zangu wanavyoharibu nyama, sikuvumilia. Nilitoka na kisu, nywele zimeshatengenezwa, nikakata minofu kama niko kazini.

Wakwe zangu walitoka Musoma. Walikula mpaka baba mkwe akaegemea ukuta.

"Mwanangu," aliniuliza, "huko Ulaya walikuwa wanakula hivi kila siku?"

"Ndiyo, baba."

"Basi wasiwe na haraka ya kufungua soko."

Watu walicheka hadi mpiga ngoma akapoteza mdundo.

Baadaye soko lilifunguliwa. Mjomba akarudi ziwani anapiga mluzi, sangara wakapanda bei, nasi tukarudia mapanki. Nilipoitwa kazini, aproni ilikataa kufungika kiunoni. Msimamizi alitazama tumbo langu, akacheka, akanipa hongera, akanihamishia meza ya kufungasha, ambako ningeweza kukaa.