Siku Nilipoonekana Nimelewa Mbele ya Madhabahu

Ninyi chekeni tu, maana sasa hata mimi nacheka, ila siku ile ningeweza ningejifukia kwenye migomba nyuma ya kanisa.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya huko mlimani, juu ya Moshi, miaka ile sukari inapatikana kwa foleni kwenye duka la ushirika, na mimi ninayo tele kwenye damu (ndiyo, kisukari, najichoma insulini kila asubuhi, chupa yake naiweka kwenye ubaridi kando ya mtungi). Aliyejua ni mke wangu Manka peke yake, kwa sababu watu walisema huo ni ugonjwa wa matajiri, na mimi tajiri wa nini?

Siku ya harusi ya binti wa Mzee Ndekirwa, mzee wa kanisa, nikachoma sindano kama kawaida, halafu kabla ya kula nikajaribu suruali yangu mpya ya bugaluu. Kifungo kikagoma. Nikaona uji niuache.

"Baba Anaeli, sindano umeshachoma, kula!" Manka akanihimiza.

"Nitakula pilau huko huko, mama, tulia."

Basi ibada ikachelewa kuanza, mahubiri yakawa marefu, na tulipofika wimbo wa pili jasho linanitiririka, mikono inatetemeka, naongoza mbio mbio mpaka sauti ya kwanza wamemaliza na besi bado wako ubeti wa juu, mara nikaenda kukaa kwenye kiti cha bwana harusi (mwenyewe amesimama!) nikamwambia mchungaji kwa sauti, "Leo hatuimbi mpaka watu wale!"

Mzee Ndekirwa akanishika kola. "Mbege asubuhi yote hii? Kwenye harusi ya mwanangu?"

Nataka kujibu, ulimi mzito. Kanisa zima linacheka. Ndipo Manka akapaza sauti kutoka nyuma: "Hajalewa! Ana kisukari, amechoma dawa hajala! Leteni sukari!"

Siri yangu ikaishia hapo. Mama wa bibi harusi akakimbilia jikoni, akarudi na kikombe cha maji yaliyokorogwa sukari ya chai ya wageni, na Manka akaninywesha taratibu kama ndama. Baada ya muda akili ikarudi, nikaelewa nimekalia kiti cha nani, nikatamani isingerudi.

Wiki iliyofuata Mzee Ndekirwa akaja nyumbani. Nikajua kwaya nimenyang'anywa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akasogeza kiti, akanong'ona, "Mwalimu, kabla hujapimwa, ulikuwa unasikia kiu sana? Na kukojoa kojoa usiku?"

"Sana, mzee."

Kisha akaomba maji, akamaliza kopo zima, akaomba tena. Kesho yake nikampeleka hospitali mjini, akakutwa na kisukari, akaanza matibabu kabla hakijamdhuru.

Tangu hapo sigusi sindano kabla sijaona chakula mezani. Na kila anayejiunga na kwaya namwambia siku ya kwanza kabisa: ukiniona nayumba, nipe sukari kwanza, maombi yafuate.